Kupiga Picha Michongo ya Bapa ya Renesansi Ndani ya Makumbusho

Chukua sarafu ya shilingi mia moja ya Tanzania, ile yenye sura ya Mwalimu Nyerere, uiweke mezani usiku, uzime taa ya chumba, kisha uimulike kwa tochi ya simu kutoka juu kabisa, mwanga ukiishukia wima. Utaona kiduara kinachong'aa, na sura yenyewe utaitafuta. Sasa ishushe tochi pembeni mpaka mwanga wake ukaribie kulala juu ya meza: paji la uso linainuka, pua inatupa kivuli shavuni, na kila herufi inasimama peke yake. Sarafu haikuongezeka unene hata kidogo. Kilichobadilika ni upande ambao mwanga umetokea. Zoezi hilo la dakika tano ndilo msingi wa yote nitakayoeleza hapa, kwa sababu michongo ya Renesansi, kipindi cha mwamko wa sanaa ulioanzia Italia, iliyomo katika makumbusho ya Florence, London na Berlin hufuata kanuni ileile ya sarafu. Kamera haiuoni unene wa jiwe. Inaona kivuli, na mpiga picha asiyejua kivuli hicho kinatoka wapi atarudi nyumbani na picha ya ubao mweupe.

Ninaposema mchongo wa bapa, sina maana ya sanamu inayosimama peke yake na kuzungukwa na watazamaji. Nina maana ya kazi iliyochongwa katika jiwe au kusubiwa kwa bronzi kwenye bamba moja, watu, miti na majengo vikichomoza kutoka kwenye bamba hilo bila kuachana nalo, kama zilivyo nakshi za milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Katika karne ya 15 mafundi wa Italia waliufikisha ufundi huu mahali pa ajabu, wakaweza kuonyesha ukumbi mzima, safu za nguzo, milima na mawingu ndani ya unene wa sentimita chache, na pengine wa milimita chache tu. Ni sanaa iliyo katikati ya uchoraji na uchongaji, na ndiyo maana inamsumbua mpiga picha: ukiipiga kama unavyopiga mchoro, inakufa, ukiipiga kama unavyopiga sanamu, unapoteza mandhari yake ya nyuma.

Jicho kabla ya kamera

Ukifika mbele ya mchongo, iache kamera mkobani kwa dakika chache. Inua macho kwanza darini uhesabu taa zinazoielekea kazi hiyo, kisha uangalie madirisha yako upande gani na kama yamefunikwa mapazia. Baada ya hapo urudi kwenye mchongo wenyewe, uchague uso wa mtu mmoja aliye mkubwa kuliko wenzake, na utazame kivuli cha pua yake. Kikianguka moja kwa moja kuelekea kidevuni, taa iko juu. Kikilala upande wa kulia, mwanga mkuu unatoka kushoto. Kikikosekana kabisa, ukumbi una mwanga laini unaotoka kila upande, na hapo una kazi ngumu mbele yako. Pua yenye vivuli viwili ni dalili ya taa mbili zinazoshindana, na katika hali hiyo ni heri kuchagua sehemu ndogo ya mchongo ambayo taa moja imeishinda nyenzake kuliko kung'ang'ania kuuchukua mchongo wote.

Kisha funga jicho moja. Mtu mwenye macho mawili hupima kina cha vitu bila kujitambua, ilhali kamera ina jicho moja tu, na mchongo uliokupendeza ulipoingia mlangoni unaweza kulala kabisa mara unapofumba jicho. Ukiwa umelifumba, tembea polepole nusu duara kutoka kushoto hadi kulia. Vivuli havihami kwa sababu wewe umehama, lakini kiasi cha kivuli unachokiona hubadilika, na mng'ao wa jiwe au wa chuma hubadilika zaidi. Mahali ambapo mwili wa mtu unajitenga na ukuta ulio nyuma yake, simama. Hapo ndipo picha ilipo, hata kama si mbele katikati ambako watu wote wamepanga foleni.

Kama ukumbi unapata mwanga wa dirishani, saa ina uzito kuliko lenzi. Mchongo uliokuwa bapa kabisa saa nne asubuhi unaweza kuamka saa tisa alasiri jua linapogeuka na kuingia kwa mshazari. Mimi hupita kumbi zote mara moja bila kupiga picha, nikiandika daftarini ni kazi zipi zinazotegemea dirisha na zipi zinazotegemea taa, halafu nazianza za taa na kuziacha za dirisha mpaka wakati wake. Kabla ya kupanga hivyo, uliza mlangoni kama tiketi yako inakuruhusu kutoka na kurudi, maana si kila makumbusho hukubali.

Kuhusu flashi sina mengi. Makumbusho mengi huikataza, na hata pale isipokatazwa haifai kwa kazi hii, kwa sababu mwanga unaotoka pembeni mwa lenzi hukisukuma kivuli nyuma ya kitu chenyewe, mahali ambapo lenzi haiwezi kukiona. Ni ile tochi ya kwanza, iliyoishukia sarafu wima. Tripodi na vijiti vya kujipigia selfi pia hukatazwa kwa kawaida, na mlinzi wa ukumbi ndiye mtu wa kuulizwa kabla ya kufanya lolote usilo na hakika nalo. Nimeona kwamba ukimsalimu mlinzi kwanza na kumweleza kazi unayoitaka, mara nyingi yeye mwenyewe hukwambia ni saa ngapi mwanga huwa mzuri, kwa sababu yeye anakaa na kazi hizo mwaka mzima.

Mchongo usio na unene

Mgumu kuliko yote ni ule ambao Waitaliano huuita schiacciato, yaani uliogandamizwa. Donatello, mchongaji wa Florence, ndiye aliyeupa uhai. Takriban mwaka 1417 alichonga ubao wa marumaru uliowekwa chini ya sanamu yake ya Mtakatifu George katika ukuta wa nje wa kanisa la Orsanmichele, Florence. Leo ubao wa asili uko katika makumbusho ya Bargello, mji huohuo. Mtakatifu yuko juu ya farasi akimchoma mkuki joka, binti wa mfalme amesimama kulia, na nyuma ya binti huyo kuna safu ya matao inayorudi ndani kwa hesabu za mtazamo wa mbali, miongoni mwa majaribio ya mapema kabisa ya ufundi huo katika sanaa ya Ulaya. Farasi na mpanda farasi wamechomoza vya kutosha kushika kivuli. Matao na miti ya nyuma, hata hivyo, imekwaruzwa tu juu ya jiwe kama mtu aliyechora kwa ncha ya kisu, na picha nyingi za mchongo huu zinaonyesha shujaa na joka lake mbele ya ukungu.

Tatizo hapa ni kwamba tofauti kati ya umbo na usuli si tofauti ya nyeupe na nyeusi. Ni tofauti ya nyeupe na nyeupe iliyofifia kidogo. Kwa hiyo chunga sana usiiunguze picha. Kipimo cha kamera huchukulia kila kitu kuwa na weupe wa wastani, na kikiona marumaru huitia giza; mpiga picha naye, akiona jiwe limekuwa la kijivu, huongeza mwangaza mpaka lirudi kuwa jeupe, na katika kuongeza huko huzifuta zile tofauti ndogo alizokuja kuzitafuta. Liache jiwe liwe na ukijivu wakati wa kupiga. Tazama histogramu, ile grafu ya kamera yenye giza kushoto na weupe kulia, na uhakikishe mlima wake haugusi ukuta wa kulia. Weupe utaurudisha nyumbani, taratibu, ukiwa na faili ghafi la RAW lenye taarifa zote.

Jambo la pili ni mahali pa kusimama. Kwa michongo minene mimi husimama karibu na katikati, lakini kwa schiacciato hujaribu kwanza upande unaokabiliana na taa: ikiwa mwanga unatoka kushoto, mimi huenda kulia. Marumaru iliyosuguliwa hurudisha mng'ao hafifu kuelekea upande huo, na kila mstari uliochimbwa hukatiza mng'ao huo kama kovu jembamba jeusi. Mawingu na matawi ambayo hayakuonekana kabisa kutoka katikati hujitokeza. Picha hiyo itakuwa ya mshazari, haitafaa kuwa picha kuu ya mchongo, lakini itaonyesha mkono wa fundi kuliko picha yoyote nyingine utakayoipata siku hiyo.

Mfano wa pili uko London, katika makumbusho ya Victoria and Albert: Kristo akipaa mbinguni huku akimkabidhi Petro funguo, kazi ya Donatello ya takriban 1428 hadi 1430. Ubao una upana wa zaidi ya mita moja na kimo cha kama sentimita 40, nao ni mwembamba wa umbo kiasi kwamba unaonekana kuwa mchoro wa kalamu uliofanywa kwa jiwe. Ukijaribu kuuweka wote ndani ya fremu moja utapata mkanda mrefu wenye watu wadogo. Piga hiyo moja kwa kumbukumbu, kisha ugawe ubao katika sehemu tatu au nne zinazoingiliana kidogo pembeni, na kila sehemu uipige kutoka umbali uleule na kwa mipangilio ileile, bila kuruhusu kamera ijirekebishe yenyewe kati ya sehemu na sehemu. Nilipofanya kazi kama hii mara ya kwanza niliiacha kamera iamue mwangaza, na vipande vinne havikulingana hata viwili. Ilinibidi nirudi siku ya pili kuanza upya.

Kuna faraja katika kazi ambazo hazikukamilika. Michelangelo aliacha duara mbili za marumaru za Bikira Maria na Mtoto, zilizochongwa mwanzoni mwa karne ya 16, moja Bargello na nyingine katika Royal Academy ya London, na zote zina maeneo ambayo tindo yenye meno imeacha mistari sambamba kama shamba lililopigwa matuta. Mwanga wa pembeni ukiyapata maeneo hayo, sogea karibu kadiri kamba inavyoruhusu, ujaze fremu kwa mistari hiyo na ukingo wa shavu au bega lililosuguliwa. Hapo jiwe linaonyesha mahali mkono uliposimama.

Dhahabu iliyo nyuma ya kioo

Lorenzo Ghiberti, fundi wa Florence, alifanya kazi ya mlango wa mashariki wa Mbatizio (jengo la ubatizo) ya mji huo, ule uitwao Mlango wa Peponi, kuanzia 1425 hadi 1452. Mbao zake kumi za bronzi iliyopakwa dhahabu ziliteseka kwa karne nyingi za hewa ya mji, na gharika ya tarehe 4 Novemba 1966 ilizing'oa tano kati yake. Baada ya kazi ya usafishaji iliyochukua miaka 27, mlango wa asili uliwekwa mwaka 2012 katika Museo dell'Opera del Duomo, nyuma ya kioo, na uliobaki Mbatizio ni nakala. Ninautaja kwa kirefu kwa sababu unakusanya karibu kila shida ya kazi hii mahali pamoja: mchongo mnene na mwembamba ndani ya ubao mmoja, chuma kinachong'aa, na kioo kati yako na chuma.

Anza na kioo. Vaa nguo nyeusi au za rangi ya giza, zisizo na maandishi meupe kifuani, kwa maana shati jeupe litatokea kama mzimu katikati ya hadithi ya Yakobo na Esau, iliyo katika mmojawapo wa mbao hizo. Ukiruhusiwa kukaribia, kofia ya mpira iliyo mbele ya lenzi hupunguza uakisi wa taa za nyuma yako, ila usiiguse kamwe kioo nayo bila idhini. Kichujio cha polaraizi, kile kinachofungwa mbele ya lenzi na kuzungushwa ili kupunguza mng'ao, husaidia, lakini si kwa namna wengi wanavyodhani. Ukisimama mbele kabisa ya kioo hakifanyi lolote la maana. Nguvu yake huonekana unapokitazama kioo kwa mshazari, na hufikia kilele karibu na nyuzi 56 ukipima kutoka kwenye mstari unaosimama wima juu ya kioo. Zungusha kichujio polepole ukitazama kioo cha kamera mpaka taswira ya madirisha ya nyuma izimike. Kichujio kitakula mwanga pia, karibu nusu yake au zaidi, kwa hiyo kitie tu pale unapokihitaji.

Kichujio hicho hakitauondoa mng'ao wa dhahabu yenyewe, kwa sababu mwanga unaorudi kutoka kwenye chuma hauchujiki kama ule unaorudi kutoka kwenye kioo. Kwa dhahabu dawa ni mbili: kuhama na kupunguza mwangaza. Hama hatua moja, hata nusu hatua, na doa lililokuwa limeungua kwenye goti la mtu litahamia kwenye ukingo ambako halina madhara. Kisha pima mwangaza kwenye sehemu iliyo angavu kuliko zote, si kwenye ubao mzima, na ukubali vivuli viwe vizito. Ghiberti aliwafanya watu wa mbele karibu wawe sanamu kamili, vichwa vyao vikiachana na ubao, wakati majengo ya nyuma yana unene wa karatasi. Ukifungua vivuli vya watu wa mbele ili kuona kila mkunjo, dhahabu ya majengo ya nyuma inayeyuka. Chagua. Mimi huchagua majengo, kwa sababu watu wa mbele wana nguvu za kujitetea hata wakiwa nusu gizani.

Usisahau fremu za mlango. Kati ya vichwa vidogo vinavyochungulia kutoka humo kuna cha Ghiberti mwenyewe, mzee mwenye upara na nyusi zilizoinuka, na kichwa hicho kinafaa lenzi ndefu na dakika kumi za uvumilivu.

Vigae vya familia ya della Robbia, vile vya watu weupe juu ya usuli wa buluu, ni udongo uliochomwa na kupakwa ngozi laini ya kioo. Vinang'aa kama dhahabu ya Ghiberti, ila hapa kichujio cha polaraizi kinafanya kazi vizuri sana, kwa kuwa ngozi hiyo si chuma. Usiuue mng'ao wote: acha kidoa kimoja juu ya paji la uso au shavu, la sivyo kigae kitafanana na plasta.

Urefu wa kusimama

Picha ya kumbukumbu ya mchongo hutaka kamera iwe sambamba na ubao, katikati yake kwa kimo na kwa upana, ili mistari ya fremu isiegemeane. Rudi nyuma na utumie lenzi ndefu kidogo, ya milimita 70 hadi 100 kwa kamera ya fremu kamili, kwa maana lenzi pana ya karibu huvimbisha vilivyo katikati na kuwafanya watu wa pembeni waanguke. Washa gridi kwenye kioo cha kamera na uilinganishe na ukingo wa chini wa mchongo. Kuinyoosha picha nyumbani kunawezekana, lakini kila unyooshaji hukata pembe.

Lakini si kila fundi alikusudia kazi yake itazamwe uso kwa uso. Luca della Robbia na Donatello walichonga, katika miaka ya 1430, roshani mbili za waimbaji kwa ajili ya kanisa kuu la Florence, zote mbili sasa zikiwa katika Museo dell'Opera del Duomo. Zilikaa juu sana, katika mwanga hafifu wa kanisa. Watoto wa Donatello wanaokimbia wamechongwa kwa haraka ya makusudi, miili mikavu yenye kingo kali mbele ya usuli uliojaa vipande vya rangi vinavyometameta. Ukiwapiga kwa karibu na usawa wa macho utawaona wakali, na utadhani Luca, aliyesugua kila kidole cha waimbaji wake, alikuwa fundi mkubwa kuliko mwenzake. Simama mbali, shusha kamera, na uwapige kwa kuinua lenzi juu: ukali unageuka kuwa mwendo. Kwa kazi za namna hii ninashauri picha mbili kila mara, moja iliyo sawa na ubao na nyingine kutoka mahali pa mtazamaji wa zamani, na maelezo ya picha yaseme ni ipi.

Bargello inatoa zoezi jingine ambalo sijaona bora kuliko hilo. Mwaka 1401 palifanyika shindano la kumpata fundi wa mlango wa Mbatizio, na mbao mbili za bronzi zilizosalia, ya Ghiberti na ya Filippo Brunelleschi, zimewekwa pamoja. Zote zinaonyesha Abrahamu akitaka kumtoa sadaka Isaka, ndani ya fremu ileile yenye umbo la ua la petali nne. Zipige kwa umbali mmoja, lenzi moja, mwangaza mmoja. Kwa Brunelleschi tafuta mkono wa malaika ulioushika mkono wa Abrahamu, kwani mchongo mzima umefungwa hapo. Kwa Ghiberti tafuta kiwiliwili kitupu cha kijana Isaka, ambacho kinapokea mwanga kwa upole bila kuruka. Ukiziweka picha mbili hizo ubavu kwa ubavu utaelewa ushindi wa Ghiberti ulikuwa na nini ndani yake, na pia kwa nini wako wanaomlilia Brunelleschi hadi leo.

Mipangilio na mikono

Bila tripodi, mwili wako ndio tripodi. Bana viwiko mbavuni, tanua miguu, toa pumzi nusu na ubonyeze. Piga tatu mfululizo, maana ya kwanza huwa na mtikisiko wa kidole na ya pili au ya tatu huwa safi. Ukiegemea, egemea nguzo iliyo mbali na kazi, kamwe si ukuta unaobeba mchongo. Tundu la lenzi la f/5.6 hadi f/8 linatosha kwa michongo myembamba. Kwa minene iliyo karibu nenda hadi f/11 ikiwa mwanga unaruhusu. Fokasi iweke kwenye jicho au pua ya mtu wa mbele, si kwenye usuli. ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, ya 1600 au 3200 isikutishe: chengachenga husafishika, picha iliyotikisika haisafishiki.

Taa za kisasa za LED zina ugonjwa wake. Umeme wa Ulaya, kama wetu wa Afrika Mashariki, hupiga mara 50 kwa sekunde, na baadhi ya taa hupepesa mara 100. Ukitumia shata ya kielektroniki kwa kasi kubwa utaona mikanda ya giza imekatiza marumaru. Tumia shata ya kimakanika, kwa kasi ya 1/50 au 1/100 ya sekunde. Marekani, ambako umeme hupiga mara 60, tumia 1/60 au iliyo karibu na 1/125. Na kwa kuwa dirisha hutoa mwanga wa kibuluu huku taa ikitoa wa manjano, piga picha moja ya kadi ya kijivu ikiwa mbele ya mchongo, ili nyumbani upate rangi ya kweli ya jiwe.

Mwenye simu pekee asijione amekosa. Asitumie lenzi ya kawaida ya simu kwa karibu, kwani ni pana. Arudi nyuma na atumie ile ya mara mbili au mara tatu. Abonyeze kwa muda mrefu juu ya sehemu angavu mpaka mwangaza ufungwe, kisha auburute kidogo chini. Na azime, ikiwezekana, ile hali ya HDR, inayounganisha picha kadhaa za mwangaza tofauti, pamoja na ile ya usiku, kwa kuwa programu hizo zimefundishwa kuona kivuli kama kasoro na kukifungua. Hapa kivuli ndicho mchongo wenyewe. Simu ikikifungua, inafuta kazi ambayo fundi aliipa miaka ya maisha yake.

Asiye na safari ya Ulaya anaweza kuanza kesho. Mlango wa nakshi wa Mombasa, Lamu au Unguja, ukipigwa jua la saa mbili asubuhi likipita ubavuni mwa ukuta, unafundisha yote niliyoyasema juu ya mwanga wa mshazari. Ila piga hodi kwanza, mlango una mwenyewe.

Baada ya kurudi

Katika uhariri, mkono mwepesi. Rudisha weupe wa marumaru kidogo kidogo, ongeza utofauti wa sehemu za kati, na usiguse kitelezi cha kufungua vivuli isipokuwa pale ambapo umbo limezama kabisa. Kwa marumaru picha ya nyeusi na nyeupe mara nyingi ni ya kweli zaidi, kwa sababu huondoa ugomvi wa taa mbili zenye rangi tofauti. Kwa dhahabu na vigae vya buluu ni hasara tupu.

Kuna hatari moja ambayo wengi hawaijui. Ubongo wetu umezoea mwanga unaotoka juu, kwa hiyo mchongo uliomulikwa kutoka chini, au picha iliyogeuzwa kichwa chini miguu juu, huweza kuonekana kama shimo: pua inageuka kuwa bonde, na uso unakuwa kifuko kilichobonyea. Ukiona hivyo kwenye skrini, angalia kwanza kama picha imesimama sawa. Ikiwa imesimama sawa na bado inabonyea, taa ilikuwa chini. Weka ndani ya fremu kitu ambacho jicho linajua umbo lake, kama ukingo wa fremu ya mchongo, na umbo litarudi mahali pake.

Piga picha ya kibandiko cha maelezo mara baada ya kila kazi, kabla hujahamia nyingine, kwa kuwa Madonna (michongo ya Bikira Maria) ishirini za marumaru zitafanana zote ukifika nyumbani. Jina la faili libebe jina la fundi, makumbusho, namba ya kazi, na jambo moja ambalo karibu hakuna anayeliandika: upande uliotoka mwanga na saa ya kupiga. Kuhusu matumizi, mafundi hawa wamefariki karne tano zilizopita, lakini hilo halikupi ruhusa ya kila kitu; Italia, kwa mfano, huruhusu picha za kujisomea na za matumizi binafsi, ilhali matumizi ya kibiashara ya picha za kazi zilizo mikononi mwa dola huhitaji kibali na ada. Ukikusudia kuuza kadi au kuchapa kitabu, iandikie ofisi ya makumbusho kabla ya kuchapa, na uambatanishe picha zenyewe pamoja na zile namba ulizozihifadhi kwenye majina ya mafaili.